Ulinzi wa Cherehani ya Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Juni

Nyumba ya kona imeibiwa! Mchana kweupe, wenyewe wakiwa harusini. Televisheni, pasi, redio, mapazia, na sufuria ya chakula, chakula chenyewe kikiwa bado cha moto. Hawakuacha hata mfuniko. Mtaa mzima tumekwenda kutoa pole. Nimelikagua dirisha walilopitia, nikatikisa kichwa kitaalamu. Mimi ni fundi wa friji, lakini dirisha ni dirisha.

Jioni tumekunywa chai kimya kimya. Si kawaida. Mke wangu anafundisha chekechea, na kwa kawaida hunisimulia nani kamng'ata nani. Leo ameangalia kikombe chake tu, kisha akasema wakija kwetu wakabeba vyote atalia siku moja, yaishe. "Lakini cherehani ya mama..." Hakumalizia. Akainuka kwenda kuosha vikombe vilivyokwisha oshwa.

Cherehani yenyewe ni ya mkono, nyeusi, ina maua ya dhahabu. Marehemu mama mkwe alimwachia. Pale alipozoea kulaza kiganja maua yamefutika kabisa, pamebaki weusi mtupu. Suruali yangu ya harusi ilishonwa kwa cherehani hiyo. Ilikuwa fupi. Mama mkwe akasema cherehani haina kosa, kosa ni la miguu yangu. Nilimpenda sana yule mama.

Basi nimeapa. Katika nyumba hii hakiibiwi kitu!

Nimetoka nje kuvuta hewa, nikamkuta jirani wetu wa kulia kasimama chini ya ngazi, fundi yuko juu anamfungia kamera. Ya kisasa! Ina jicho kama la kinyonga. Amenipungia mkono. Nami nikampungia, kwa shingo upande. Kuanzia leo, humu ndani, anaitwa Bwana Kamera.

Jumanne, 4 Juni

Kamera ya nini kununua? Mwizi haogopi kamera, anaogopa *kudhani* kuna kamera. Nimelitafakari hili asubuhi nzima nikiwa nimeinama kwenye friji ya mteja, na kadiri nilivyolitafakari ndivyo nilivyojiona nina akili.

Mchana nimetengeneza ya kwangu. Kopo la maziwa, kitako cha chupa kuwa jicho, na taa ndogo nyekundu niliyoitoa kwenye friji mbovu. Inawaka vizuri. Inatisha! Nimeipachika juu ya mlango.

Binti yetu, tunayemwita Wakili kwa sababu hajashindwa ubishi tangu aote meno, ameuliza kama inaona. Nikamwambia mwizi hatauliza swali hilo. Akauliza kama mwizi hajui kusoma, maana kopo limeandikwa maziwa. Nimepanda tena na brashi ya rangi.

Bwana Kamera akapita. Akasifia. Kisha akasema, kwa adabu yake ile inayoniudhi, kwamba jirani, samahani, kamera yako inatazama mawinguni. Nikamjibu ndivyo ilivyokusudiwa.

Jumatano, 5 Juni

Siku mbaya.

Jana jioni nilifunga mnyororo getini na makufuli matatu mapya, yote pacha. Asubuhi mke wangu anawahi kazini, Wakili anawahi shule, na funguo zote zinafanana. Ufunguo wa kwanza ukaingia kufuli la pili. Ukakubali kuingia. Haukukubali kuzunguka, wala haukukubali kutoka! Nikavuta kwa koleo. Ukakatikia ndani.

Mke wangu akaangalia saa. Alikuwa amevaa sketi yake ya kazini na amekumbatia mfuko mkubwa wa kitambaa cheupe. Jumamosi ijayo, tarehe kumi na tano, wazazi wanakwenda chekechea kutazama watoto wakiigiza hadithi ya sungura, na kazi ya kushona mavazi ya darasa zima amejitwisha yeye.

Nani akatokea juu ya ukuta? Bwana Kamera! Ameleta ngazi yake. Mke wangu akapanda upande wetu kwa stuli, akashuka upande wake kwa ngazi, yeye akiishikilia ngazi na kutazama pembeni kwa heshima zote. Wakili akafuata na begi lake, akaniambia nikae nyumbani niwe mfungwa mwema.

Mke wangu amemwambia, "Asante sana, jirani," kwa sauti ambayo sijaisikia tangu tulipokuwa wachumba.

Nimelikata kufuli kwa msumeno. Kazi ya nusu siku. Nimelipongeza kufuli, ni imara.

Alhamisi, 6 Juni

Kamera imepata mpangaji. Shomoro ameingiza majani kwenye kopo. Mkia unaning'inia juu ya jicho. Nilitaka kumfukuza, Wakili akasema huyo sasa ndiye anayeona.

Nahitaji mbwa. Mbwa anakula, mimi sitaki anayekula. Hapo likanijia wazo, na sijui kwa nini watu hawaniheshimu zaidi. Ukifungua mlango wa friji, swichi huwasha taa. Ukitikisa geti langu, swichi itawasha mbwa!

Nimejifungia karakanani, nikajirekodi nikibweka kwenye simu ya zamani, nikaiunganisha na spika. Kubweka si kazi ndogo. Kunataka kifua. Nilipotoka nikamkuta mteja amesimama na jokofu lake dogo, amelikumbatia. Akasema atarudi siku nyingine.

Jioni mke wangu amerudi, akagusa geti, nikambwekea. Ameruka. Kisha akasikiliza, akainamisha kichwa kidogo, akaniuliza, "Baba Wakili, huyo si wewe?"

Nimekana. Amejiziba mdomo akaingia ndani haraka. Mabega yalikuwa yanatikisika. Yawezekana ni hofu, maskini.

Ijumaa, 7 Juni

Leo nimefikia kilele.

Makufuli, kamera, mbwa, hivyo vyote vinamwambia mwizi kitu kimoja: humu mna mali. Kosa! Mwizi anapenda kinachong'aa. Haangalii takataka. Na mimi nina takataka kuliko mtu yeyote mtaani. Uani kwangu kuna kompresa zilizokufa, koili, milango ya friji isiyo na friji, magunia kwa magunia. Mke wangu amelalamika mwaka mzima. Kumbe ni utajiri wa kiusalama!

Wakati hawapo nimeiondoa cherehani kwenye sanduku lake la mbao, nikaifunga kwa fulana yangu nzuri, nikaitia kwenye gunia kuukuu la saruji pamoja na vipande vya koili juu juu. Nikaliweka katikati ya magunia mengine. Nikarudi nyuma nikalitafuta kwa macho. Sikulijua! Mwenyewe! Kwenye sanduku la mbao nimeweka tofali, ili hata akilinyanyua mtu aone uzito ule ule.

Sijamwambia mke wangu. Siri ikijulikana na mtu mmoja ni siri. Nitamwambia mambo yakitulia, naye ataniangalia kwa macho mengine.

Nina furaha leo.

Jumamosi, 8 Juni

Siku njema tangu asubuhi. Yule mzee wa mkokoteni, anayenunua vyuma chakavu, amekuja. Nilimwita wiki iliyopita ili aniondolee vyuma uani, mke wangu apate pa kuanikia nguo. Nilikuwa nimeshasahau, lakini mtu ameshakuja na jua hili, utamrudishaje?

Simu nayo ikawa inalia. Mteja, friji yake imegoma, nyama inaharibika, niende sasa hivi. Ikabidi tupakie haraka. Nimemsaidia mwenyewe, mzee wa watu, mgongo unamuuma. Gunia moja lilikuwa zito kupita yote, nikalibeba mimi, nikaliweka mbele kabisa kwenye mkokoteni, nikalipigapiga ili likae vizuri. Akanishukuru. Nikampungia mkono mpaka akakata kona.

Nikaenda kwa mteja, nikarudi nikafagia ua. Umekuwa mweupe! Mke wangu akirudi sokoni atashangaa.

Alasiri, ushindi mwingine. Tumekaa ndani, mbwa akabweka! Mtu ametikisa geti! Nimetoka mbio na koleo, nikafika, mtu ameshakata kona. Nimeona kisigino tu. Mwizi! Amesikia kifua changu akatoka nduki! Nimemwambia mke wangu aje aone alama za miguu. Amekuja, ameona, amesema ni nyayo za ndala. Wezi wengi huvaa ndala.

Leo ametembea uani akanyoosha mikono, akasema pamependeza. Amenigusa shavu. Nilikuwa karibu kumwambia ile siri. Nikajizuia.

Jumapili, 9 Juni

Sijui nianzie wapi.

Baada ya chai mke wangu amekaa mezani kushona mavazi ya sungura. Amepanga vitambaa, ametunga uzi, amefungua sanduku. Tofali.

Hakupiga kelele. Aliliangalia tofali kama mtu anayemwangalia mgeni asiyemjua, akisubiri ajitambulishe. Mimi nikacheka! Mungu anisamehe, nilicheka. Nikamwambia asihofu, mama yuko salama, njoo nikuonyeshe mume wako ana kichwa cha namna gani. Nikamshika mkono, nikamtoa uani.

Ua ulikuwa mweupe. Nilikuwa nimeufagia mwenyewe.

Kwa muda sikuelewa. Nikazunguka karakana. Nikafungua friji zote, moja baada ya nyingine. Kisha nikasema kwa sauti kubwa kwamba tumeibiwa. Wakili akauliza ni mwizi gani anaiba takataka akaacha friji za wateja. Nikamwambia anyamaze, huu ni wakati wa wanaume. Halafu nikaenda kwa mwanamume mwenye kamera.

Sikuwa na njia nyingine. Nimeketi kwenye kochi la Bwana Kamera, mke wake ameniletea chai, naye akarudisha picha za jana kwenye televisheni yao. Jicho lake linaona mpaka geti langu! Picha safi. Nikasogea mbele nimwone mwizi.

Nimemwona. Ametoka uani kwangu amebeba gunia mikononi, taratibu, kama anayebeba mtoto aliyelala. Amelilaza kwenye mkokoteni. Amelipigapiga. Amepunga mkono. Alikuwa amevaa ovaroli langu na alikuwa na upara wangu.

Kama Bwana Kamera angecheka, ningemchukia hadi kufa kwangu. Hakucheka. Alizima televisheni, akakaa, akaniuliza polepole kama ndani ya gunia kulikuwa na kitu. Nikamwambia. Mke wake akaweka birika chini. Bwana Kamera akasema leo Jumapili kwa wanunuzi wa vyuma kumefungwa, lakini kesho asubuhi na mapema atanipeleka kwa gari lake. "Na shemeji twende naye," akasema. "Usimwache nyumbani na mawazo."

Nikarudi kumwambia mke wangu. Hilo ndilo lililokuwa gumu. Alikuwa ameketi kitandani na kitambaa cheupe mapajani.

Nikamwambia yote. Gunia, fulana, koili, mzee, simu ya mteja. Hata kupunga mkono.

"Umekasirika?" nikamuuliza.

"Sijakasirika. Nimekaa tu."

Afadhali angenirushia tofali. Nikakaa kando yake.

"Nilipokuwa mdogo nilikuwa nalala chini ya meza yake," akasema. "Mama akishona usiku, nasikia ile tiki-tiki-tiki, najua yupo. Akisimama kubadilisha uzi, naamka. Naona miguu yake. Akianza tena, nalala."

Akakunja kitambaa kile cheupe mara mbili.

"Sasa nikishona mimi," akasema, "nasikia ni yeye."

Nimetaka kumwahidi kwamba tutaipata. Lakini ahadi zangu za wiki hii ndizo zilizotufikisha hapa. Nimemshika mkono. Hakuuondoa. Wakili akaja akasimama mlangoni, kwa mara ya kwanza bila hoja yoyote, kisha akajipenyeza katikati yetu.

Jumatatu, 10 Juni

Leo naandika bila huzuni.

Mke wangu ameomba ruhusa kwa mwalimu mkuu. Bwana Kamera ametuendesha bila kuwasha redio. Uwanja wa vyuma chakavu ni mahali pa kukatisha tamaa. Vilima vya vyuma! Baiskeli zisizo na magurudumu, mabati, vitanda, majiko, mabomba. Na friji! Nyingine nilizitambua, niliwahi kuzitibu.

Mwenye uwanja ni mama mmoja mnene wa glavu za ngozi, amekaa kando ya mizani. Nikamweleza. Akaniuliza cherehani ni ya chuma cha pua au cha kuyeyusha. Mke wangu akamjibu kwamba ni ya mama yake. Yule mama akavua glavu.

Akasema lori la kiwandani limeondoka alfajiri na mzigo wote wa Jumamosi. Huko kila kitu kinaingia tanuruni.

Mke wangu akajishikiza kwenye friji. Nikamshika upande mmoja, Bwana Kamera upande wa pili, na sikuona wivu hata chembe. Sikuona chochote. Niliona ile sehemu nyeusi iliyofutika maua, na moto.

Yule mama wa mizani akawa anafikiri. Akasema mizigo yote ya magunia hupita mkononi mwake, na yeye cherehani hajaiona. Akatuuliza ni nani aliyeichukua. Nikasema mzee wa mkokoteni, mwembamba, anaumwa mgongo. "Aa, huyo," akasema, "anakaa nyuma ya kisima, mlango wa buluu. Leo hajaja kazini."

Sijawahi kukimbia hivyo tangu shule ya msingi. Mlango wa buluu ulifunguliwa na mzee mwenyewe. Sikumpa hata salamu, nikamwuliza gunia liko wapi. Mke wangu akanisukuma pembeni.

"Shikamoo, baba," akasema.

"Marahaba, mwanangu. Mmeifuata cherehani?"

Mke wangu akaitikia kwa kichwa tu.

"Karibuni ndani. Iko kitandani."

Ilikuwa kitandani! Imefunikwa shuka safi, imelala ubavu kama mgonjwa anayepata nafuu. Mzee akatueleza kwamba alipofika uwanjani Jumamosi alifungua magunia kuyapanga, akaona fulana nzuri. Akajiuliza fulana nzuri inatafuta nini kwenye takataka. Akaifungua, akakuta cherehani. Akajua huyu fundi amekosea, hakuna mtu anayetupa kitu alichokivisha fulana.

"Basi nikarudi siku ile ile, alasiri," akasema. "Lakini lo! Geti lina mnyororo. Juu pana kamera nyekundu. Nikigusa tu, mbwa! Mbwa gani yule, fundi? Sijapata kumsikia. Anabweka kama mtu mwenye mafua. Nikasema hapa nitaitwa mwizi, nikaondoka. Jana mgongo ukakataa kabisa kuinuka."

Mke wangu akanigeukia taratibu. Bwana Kamera akapatwa na kikohozi, akatoka nje kukikoholea huko.

Mke wangu akaketi kwenye ukingo wa kitanda, akaivuta cherehani mapajani. Akalaza kiganja pale pale. Akazungusha mkono wa cherehani. Tiki-tiki-tiki. Laini, kuliko ilivyokuwa! Mzee alikuwa ameitia mafuta, alisema ilikuwa inalalamika. Mke wangu akazungusha tena, na tena, bila kitambaa chochote, machozi yakimtiririka bila kuyafuta. Hakuna aliyemharakisha.

Halafu mke wa mzee, bibi mmoja mfupi aliyekuwa amesimama tu pale kwenye pazia, akauliza kwa aibu kama inashona kweli. Mke wangu akasema lete. Bibi akaleta gauni lake, limefumuka ubavuni. Likashonwa hapo hapo, kitandani, bibi akiushika uzi usitatizike. Akalivaa juu ya alilovaa, akageuka tulione nyuma na mbele. Mzee akamtazama kana kwamba wamefunga ndoa jana.

Nimempa mzee ile fulana. Amesema alitarajia.

Kwenye gari mke wangu ameipakata cherehani njia nzima. Tulipofika getini, mbwa akabweka. Mke wangu akacheka. Alicheka mpaka Bwana Kamera naye akashindwa, kikohozi chote kikageuka kicheko. Nikacheka nao. Uchungu umeniondoka, ingawa naona walichelewa kuacha.

Jumatano, 12 Juni

Kiwanda cha sungura! Meza imejaa masikio. Mke wangu anashona, mke wa Bwana Kamera anapiga pasi, Wakili anatia pamba kwenye mikia na kutoa hukumu juu ya kila mkia. Mimi nimepewa kukata masikio. Jozi yangu ya kwanza, moja refu na moja fupi. Nimesema sungura huyo anasikiliza kitu upande mmoja. Wakapokea.

Bwana Kamera amefika kumchukua mke wake akaishia kushika mkasi. Masikio yake yote yanalingana. Bila shaka.

Walipoondoka nimemwomba mke wangu msamaha, rasmi, nimesimama wima. Nikamwambia nilifanya yote kwa sababu alisema anaogopa wezi, na nilimwona halali vizuri.

Akaacha kushona. "Nani kasema silali kwa sababu ya wezi?"

"Sasa kwa sababu ya nini?"

"Kwa sababu yako! Unaamka kila saa kukagua makufuli. Unajigonga kwenye mguu wa kitanda. Halafu unakiomba kitanda samahani. Nitalalaje na mtu anayeongea na kitanda?"

Sikujua kama anasikia.

"Lala, Baba Wakili," akasema, akiokota sikio sakafuni. "Ukilala wewe, na mimi nalala."

Maneno matamu kuliko yote niliyoambiwa mwaka huu. Nimeyachukua kwa uzito wake. Kwa hiyo shida ni mimi kuamka. Kwa hiyo kinachotakiwa ni ulinzi usiohitaji mimi niamke.

Nalitafakari.

Jumamosi, 15 Juni

Sherehe imekwenda vizuri mno. Sungura wameingia ukumbini wameshikana mikia. Mmoja amekaa chini katikati ya mchezo akaanza kula mkia wake. Mwingine, yule wa sikio moja refu, ameangalia wazazi, akalia, akabebwa, akatulia, akapiga makofi peke yake hadithi ilipokwisha. Mke wangu alikuwa pembeni ya jukwaa akisema maneno yao yote midomo kimya. Nilimtazama yeye tu. Hadithi sijui iliishaje.

Mzee wa mkokoteni na bibi yake wamekuja, tuliwaalika. Bibi amevaa lile gauni. Amewaambia watu wa safu nzima ni nani aliyelishona.

Mwalimu mkuu amemshukuru mke wangu mbele ya wote. Mke wangu amesema ashukuriwe mama yake. Kisha akaniangalia, akasema na mume wangu pia, amekata masikio. Makofi! Nimesimama nikainama. Wakili akanivuta koti nikae.

Tumerudi jioni, wote kwa mguu, tumeshiba vicheko. Geti liko wazi. Mlango uko wazi. Asubuhi nilifungua kila kitu ili mabegi ya mavazi yapite, na wakati wa kutoka kila mtu alidhani mwenzake amefunga. Nyumba imekaa wazi kutwa nzima!

Nimewaambia wasimame nyuma yangu. Nimeingia na mwavuli. Televisheni ipo. Pasi ipo. Friji za wateja zipo. Cherehani iko mezani, na sindano yake, na uzi wake. Hata kikombe changu cha asubuhi kipo, nzi ameingia.

Mke wangu akavua viatu, akasema, "Umeona?"

Nimeona.

Jumapili, 16 Juni

Nimeona vizuri sana! Nimewaza usiku mzima, nikiwa nimelala, kama nilivyoagizwa. Mwizi gani anapita mbele ya nyumba iliyo wazi asiingie? Mwizi anayefanya uchunguzi! Wametusoma. Wanasubiri.

Na leo riziki imenijia yenyewe. Yule mteja aliyepatwa na mkosi wa nyama iliyoharibika ana shamba la nyuki, na amefurahi friji yake imepona. Nimemweleza habari za wezi. Akasema shambani kwake hajaibiwa hata embe moja, na hana hata uzio. Nikamwuliza siri ni nini. Akaninyooshea kidole kwenye mizinga.

Nyuki! Hawali chakula changu. Hawabweki. Hawahitaji funguo. Wanaamka wao ili mimi nilale! Nimerudi na mzinga mmoja, kanizawadia mwenyewe, nimeubeba mbele ya baiskeli polepole kama yai. Nimeuweka kwenye kona ya ua, karibu na geti.

Mke wangu ametoka akauliza ndani ya sanduku kuna nini. Nikamwambia ni zawadi, mambo ya asali. Akainama, akatega sikio. Akasimama wima. Akanitazama, akauliza kama ni wa kuuma.

Nikamwambia nyuki wote ni wa kuuma, lakini hawa nitawazoesha familia. Wakijua sauti zetu hawatatugusa. Ni suala la subira na malezi, kama chekechea tu.

Amekaa chini hapo hapo kwenye kizingiti, ameficha uso kwenye kanga yake, mabega yanatikisika. Wakili ametangaza kuwa kuanzia leo yeye atatoka kwa dirisha. Bwana Kamera amefunga madirisha yake yote, sijui ana nini.

Jua lilipopoa nimeanza mafunzo. Nimesogea karibu kabisa na mzinga nikawaambia jina la mke wangu. Nimelisema taratibu, nikalirudia mara nyingi, ili wasilisahau. Wakavuma. Naona wamelipenda.